Maua Niliyoyaita ya Porini

Watu wengi hudhani maua ya kwetu huja na mvua. Sivyo. Ya kwanza huja kabla yake, katika majuma yale makavu kuliko yote, visima vinapotoa tope na upepo kubeba majivu ya nyasi zilizoungua. Miyombo huchipua majani mekundu kana kwamba imeambiwa jambo ambalo sisi bado hatujaambiwa, na chini yake, katika udongo uliopitiwa na moto, hutokeza maua yasiyo na jani hata moja. Ukipita haraka huyaoni. Kaa chini, ngoja macho yazoee. Utaona moja, kisha matatu, kisha utaona aibu kidogo, kwa maana umekuwa ukiyakanyaga tangu ulipoingia.

Siri yake iko chini ya ardhi. Kila ua la namna hiyo lina kiazi au kitunguu chini sana, na humo limeweka maji ya masika yaliyopita. Halingoji kuletewa. Nilikuwa nikiwaeleza hivyo watoto darasani, nao walinisikiliza kwa adabu kama walivyosikiliza habari kwamba Ulaya kuna theluji.

Bonde ninalolikumbuka lilikuwa ndani ya msitu wa serikali kaskazini ya Tabora, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli kutoka shule niliyofundisha. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyokwenda ziwani, ilipita humo. Ilikuwa imebaki kama mfereji mpana uliozama kiasi cha goti kwa miguu ya wapagazi, na baba wa baba yangu alikuwa mmoja wao. Pale njia iliposhuka kuvuka kijito ndipo watu walipokuwa wakitua mizigo, na hapo hapo, kwa sababu maji yalikuwa karibu na miti mikubwa ya mitundu ilitia kivuli, maua yalikuwa mengi kuliko mahali pengine popote nilipopajua. Kivukoni, ndivyo nilivyopaita. Palikuwa padogo. Ungepazunguka kwa miguu kabla sufuria ya maharage haijaanza kuchemka.

Kamera nilipewa na shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, mfugaji wa Puge. Alikwenda vitani akarudi kutoka Burma na kovu begani, blanketi la jeshi, na kamera ya kisanduku ambayo hakumwambia mtu yeyote aliipataje.

“Chukua wewe, shemeji, wewe umesoma,” aliniambia. “Mimi nikichungulia humu wa kulia naona yuko kushoto. Nikapiga picha ng'ombe wangu, akatoka mkia.”

Kamera ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliosimama mbali. Ukiisogeza karibu na kitu kidogo, hutoa ukungu. Nilihangaika nayo masika mawili kabla ya kupata njia. Kama una kamera ya namna hiyo nawe unataka kujaribu, usikate tamaa; si kazi ngumu, ni kazi ya kungoja. Nilichukua kioo cha kukuzia maandishi, nikakifunga kwa uzi mbele ya jicho la kamera. Nikakata kijiti chenye urefu wa mkono hadi kiwiko, na kila mara nilipima kwa kijiti kile kutoka kioo mpaka ua, kwa maana kikizidi au kupungua upana wa kidole picha imeharibika. Kamera niliiweka juu ya jiwe, mimi nikalala kifudifudi. Nyuma ya ua nilitaka kitambaa cheusi, vinginevyo ua linapotea katika nyasi. Halafu unangoja upepo utulie. Ndorobo wanakuuma shingoni, nawe huwezi kujipiga, kwa maana ukijipiga jiwe linatikisika.

Ndorobo ni yule inzi anayekunja mbawa zake moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Nitamrudia.

Filamu nilizipeleka kwa fundi picha wa Kanyenye, mtaa wa Tabora mjini, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa na duka la picha na nyuma yake chumba cha giza. Alizoea kupiga maharusi na makarani wenye saa. Siku ya kwanza alinitolea picha zangu akiwa amezishika kwa ncha za vidole.

“Mwalimu, nimekaa gizani nangoja sura itokee. Nangoja, nangoja. Kinatokea nini? Jani!”

“Si jani, fundi. Ni ua.”

“Ua liko hapa Kanyenye, kwenye makopo, kwa mabibi. Linamwagiwa maji asubuhi na jioni. Hili halina hata mwenyewe.”

“Ndiyo sababu nalipiga picha.”

“Na hili jeusi je? Limeungua?”

Hilo halikuwa jeusi. Lilikuwa ua jekundu kabisa, jekundu la kuumiza macho, lenye ncha za njano zilizopinda juu. Lakini filamu yangu haikujua rangi nyekundu. Kila chekundu kilitoka cheusi, na cha buluu kilitoka cheupe kama karatasi. Nilimweleza fundi hayo, ingawa aliyajua kuliko mimi. Akasema angeweza kunipakia rangi kwa brashi, kama anavyowapakia maharusi midomo. Nikakataa. Nilidhani mtu mwenye akili angetazama umbo na kuelewa. Nilikuwa kijana bado, na niliamini kwamba ukieleza vizuri, polepole, bila kumdharau mtu, mwisho wake atakuelewa.

Shemeji alikuja kututembelea mwezi wa saba, mwaka wa nne wa kamera. Aliegemeza baiskeli ukutani, akatusalimu “Mwangaluka!” kwa sauti ya mtu mwenye habari njema, na hata kabla ya kupewa maji alikuwa ameanza.

“Dada, mambo yamekubaliwa. Wanafyeka! Bonde lote la msitu, kutoka barabarani mpaka mlimani. Ng'ombe watashuka mpaka mlangoni kwenu. Utakunywa maziwa mpaka uchoke.”

Mke wangu alinitazama mimi kwanza, halafu yeye. “Wamesema lini, kaka?”

“Ndorobo akifyekewa kivuli chake, basi. Hana pa kukaa. Bwana mmoja kutoka bomani alitueleza barazani, akatuchorea na picha ya inzi mkubwa kama kuku.” Akacheka. Kisha akanigeukia. “Shemeji, mbona umenyamaza? Au unasikitikia majani yako?”

“Nimesikia, shemeji. Ni habari kubwa.”

“Huyu anasikitika!” akamwambia dada yake. “Nilimpa kamera apige watoto, yeye anapiga majani. Ningejua ningempa blanketi.”

Tulicheka wote watatu, mimi pia. Lakini lazima nieleze jambo, ili asiyejua asije akamwona shemeji kuwa mtu asiyejali. Miaka miwili kabla ya siku ile, mkewe alikufa kwa malale. Kwanza alikuwa akiumwa kichwa. Halafu akawa analala mchana, mkono ndani ya chungu, akiamshwa anakasirika. Halafu hakuwatambua watoto wake. Ndorobo ndiye aliyemletea. Ng'ombe wa shemeji nao, walipopitishwa kando ya msitu mwaka wa ukame, walianza kukonda mmoja mmoja, manyoya yakasimama, na kati ya kundi zima walibaki wanaotosha kuingia katika zizi la mbuzi. Kwa hiyo aliposema “wanafyeka” alisema kama mtu anavyosema kuwa mgonjwa amepona. Nisingeweza kumwambia lolote. Nini, ua?

Hata hivyo Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa shuleni nikaenda kwa Bwana Miti.

Ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyesimamia misitu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye magoti mekundu, na alipenda mimea kwa dhati. Ndiye aliyenipa karatasi ya kuniruhusu kuingia msituni na kamera. Alikausha maua katikati ya magazeti, akayabana kwa mawe. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila alikitamka kama anatafuna.

Alinitandikia ramani mezani. Bonde lilikuwa limepakwa penseli ya njano.

“Mwalimu, bonde hili nimelikosa,” alisema. “Mabwana wa mifugo na wa afya wana watu waliokufa. Mimi nina miti.”

“Siombi bonde, Bwana. Naomba kivuko tu. Pale njia inaposhuka.” Nikamwonyesha kwa kidole. Kidole changu kilipafunika pote, pakabaki nafasi.

Alisugua jicho. Halafu akasema kamati itakaa bomani mwishoni mwa Novemba, nayo ndiyo itakayoamua mipaka. Kama ningeleta picha nzuri za vitu visivyoonekana kwingine, na nyuma ya kila picha nikaandika ni nini na kimeonekana wapi, angeziweka mezani mwenyewe. “Andika kwa Kiswahili,” alisema. “Mwenyekiti anajivunia Kiswahili chake.”

Alipokuwa akinisindikiza mlangoni aliongeza jambo ambalo sikulipa uzito. Alisema ndorobo hupenda kivuli kilicho karibu na maji. Nilikubali kwa kichwa kama mwanafunzi. Nilikuwa nimefika barabarani, mguu mmoja juu ya pedali, ndipo nilipoelewa. Kila kilichowafanya wapagazi watue pale, na maua yakae pale, ndicho kilichomfanya ndorobo akae pale. Haikuwapo namna ya kuacha kimoja na kuondoa kingine. Nikapanda baiskeli, nikaenda kununua filamu.

Nilipata mbili, za picha nane nane. Picha kumi na sita, basi.

Mke wangu alikuja nami safari zote za Oktoba na Novemba, kwa sababu mtu mmoja hawezi kushika kitambaa na kufyatua kamera. Alikalia kibao cha nyuma cha baiskeli, kitambaa cheusi kimefungwa kiunoni. Njiani hatukuzungumza sana. Tulipofika kivukoni alipiga magoti nyuma ya ua, akanyoosha kitambaa kwa mikono miwili, uso ukafichika. Katika zile picha, ukitazama vizuri pembeni, vidole vyake vinaonekana.

Ua nililolitaka kuliko yote lilikuwa moja ambalo sijawahi kusikia jina lake kwa mtu yeyote. Lina majani manne tu, mapana, yaliyolala bapa juu ya ardhi kama sahani, na katikati, bila shina, hutoka ua la njano laini kama karatasi ya tishu. Hufunguka asubuhi na kufikia saa sita limesinyaa. Kesho latoka jingine. Siku tuliyolipata, upepo haukutulia. Tulingoja. Jua likapanda. Ua likaanza kulegea ukingoni.

“Mwalimu,” mke wangu alisema nyuma ya kitambaa.

“Bado kidogo.”

“Nataka kukuuliza. Wakiacha hapa, na ndorobo akabaki hapa, ng'ombe wa kaka wakaja kunywa hapa?”

“Ndiyo.”

“Na watoto wake ndio wanaochunga.”

“Ndiyo.”

Ndorobo mmoja alikuwa ametua juu ya kiganja chake. Nilimwona kutoka nilipolala. Hakumpiga.

“Kama nisingekuwa na kaka, ningesema lisifyekwe,” alisema. “Na kama nisingekuwa na wewe ningesema lifyekwe leo. Upepo umetulia. Piga, mikono inaniuma.”

Nikapiga.

Fundi wa Kanyenye alizisafisha zote bila mzaha. Alikuwa amesikia, maana mji ulikuwa mdogo. Alizichapa kubwa, akazikata kingo kwa kisu, akazifunga kwa karatasi nyeupe kama za harusi. “Zimetoka vizuri, mwalimu,” alisema. “Lile la sahani limetoka vizuri sana.” Kwa kweli lilitoka la kijivu, juu ya majani ya kijivu. Lakini lilikuwa kali, kila mshipa ulionekana.

Sasa nafika mahali ambapo nimerudi kichwani mara nyingi kuliko mahali pengine popote katika maisha yangu.

Nilikaa mezani na kalamu na zile picha kumi na sita zikiwa zimelala kifudifudi. Nilitakiwa kuandika ni nini. Majina ya kitabuni sikuyajua. Majina ya Kinyamwezi nilijua matatu tu, kwa maana mengi ya maua haya hayakuwa na kazi kwa mtu, hayakuliwa wala hayakutibu, na kisicho na kazi mara nyingi hakipewi jina. Ilibaki kusema tu kwamba ni ua lisilopandwa na mtu. Kwa Kiswahili unaweza kulisema hilo kwa namna zaidi ya moja. Unaweza kuandika ua la mwituni. Unaweza kuandika ua la msituni. Unaweza kuandika ua la porini. Darasani ningekueleza kwamba msitu una miti iliyoshikana, na pori ni nchi isiyolimwa wala kukaliwa, yenye miti au isiyo nayo. Lakini hivyo ni darasani. Nje ya darasa, kwetu sisi, kila kilicho ng'ambo ya mashamba ni pori. Unakwenda porini kutafuta kuni, asali ni ya porini, mnyama ni wa porini. Hakuna ubaya ndani ya neno hilo. Kwangu lilikuwa na harufu ya asali na moshi. “Mwituni” niliona ni neno la vitabu, na “msituni” lilinukia serikali. Nilitaka kuandika kama tunavyosema.

Nikaandika: Ua la porini, kivukoni. Ua jekundu la porini, kivukoni. Ua la porini lenye majani manne, kivukoni. Mara kumi na sita, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Kamati ilikaa asubuhi. Wakubwa wanne na Bwana Miti, na karani wa kutafsiri kwa wale wawili wasiojua Kiswahili. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, nimevaa koti. Niliitwa baada ya muda mrefu. Picha zangu zilikuwa mezani, zote zimegeuzwa, maandishi juu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Ningependa kusema alinidharau, lakini hakunidharau.

“Shikamoo, Bwana,” nilisema.

“Marahaba, mwalimu. Picha safi. Umefanya kazi.” Akachukua moja, akasoma upande wa nyuma kwa sauti, polepole, kama mtu anayefurahia kusoma. “Ua la porini.” Akachukua nyingine. “Ua la porini. Na hii tena, la porini.” Akanitazama. “Bwana Miti anasema hapa ni msitu wa akiba na usiguswe. Sheria inalinda msitu. Pori lenye ndorobo, sheria inasema lifyekwe. Wewe umekaa huko kuliko sisi wote. Hapa kivukoni ni msitu au pori?”

Nilimwona Bwana Miti akifumba macho.

Basi nikafanya nililojua kufanya. Nilieleza. Nilianza na neno lenyewe, namna tunavyolitumia nyumbani na namna linavyotumika katika kitabu. Nikasema kwamba mtu wa kwetu akisema pori hamaanishi kwamba hapana kitu. Nikatoa mfano wa asali, nikatoa mfano wa kuni. Nikasema msitu huo huo mtu anaweza kuuita pori asubuhi na msitu jioni, inategemea anazungumza na nani. Nikaeleza kivuli, na kijito, na viazi vilivyo chini ya ardhi. Nilizungumza vizuri, sidhani kama nimewahi kufundisha somo vizuri kuliko siku ile. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mwenyekiti alimgeukia karani ili wale wawili nao wapate kuelewa. Karani, kijana mwenye hamu ya chakula cha mchana, aligeuza maelezo yangu yote kuwa maneno matatu ya Kiingereza, nami Kiingereza nilikijua cha kutosha kuyaelewa. Alisema ninasema ni pori.

Nilifungua mdomo. Mwenyekiti alikuwa tayari ananishukuru.

Bwana Miti alinifuata nje mpaka kwenye baiskeli. Aliniambia nisijilaumu. Alisema ramani ilikwisha pakwa rangi tangu Juni, na neno langu lingekuwa lolote lile wangefyeka tu, kwa sababu ya kivuli na maji. Nilimwuliza kama anasema kweli au ananifariji. Akasema, “Vyote, mwalimu,” akarudi ndani. Mwaka uliofuata alihamishwa, na sikuwahi kumwuliza tena. Nimejaribu kuamini jibu lake kwa pande zote mbili. Nikiamini ramani ilikwisha pakwa, basi safari zote zile, na mikono ya mke wangu, vilikuwa vya bure. Nikiamini haikuwa imepakwa, basi ni kalamu yangu. Hakuna upande ulio mzuri wa kulalia.

Walifyeka kiangazi kilichofuata. Sikwenda kutazama, lakini shoka zilisikika mbali, na wengi wa wafyekaji walikuwa wanafunzi wangu wa zamani, vijana wazuri, walionisimamisha njiani kunisalimu wakiwa na vumbi la magome nyusini. Mmoja aliniambia kwa fahari kwamba wao ndio waliopewa kivuko. Nikamwuliza hali ya mama yake.

Mwezi wa kumi na moja mke wangu ndiye aliyesema twende. Sikutaka. Akafunga kitambaa kiunoni, akatoa baiskeli mwenyewe.

Tulipofika nilidhani tumepotea, kwa maana palikuwa na mbingu mahali pasipokuwa na mbingu. Kisha tukatazama chini. Sijawahi kuona maua kama yale. Kila kiazi kilichokuwa kimelala chini ya kivuli kwa miaka, kikipata jua kidogo tu, kilikuwa sasa kimepata jua lote, na vyote vimetoka pamoja, vyekundu na vya njano na vyeupe, kati ya visiki vyeusi mpaka kule kijito kinapopinda. Mke wangu aliweka mkono mdomoni.

“Mwalimu! Hayakufa! Tazama, yameongezeka!”

Nami nilijua. Kiazi kikitoa maua namna ile kinatumia akiba yake yote. Nilijua pia nyasi zitafanya nini zikipata jua hilo hilo, na kwato zitafanya nini baada ya nyasi. Nilikuwa na pumzi tayari ya kumweleza. Nikamtazama amesimama katikati yao na kitambaa chake ambacho siku ile hakikuhitajika, maana maua yalijisimamia yenyewe juu ya majivu, na nikasema, “Ndiyo, mama. Yameongezeka.” Nilipiga filamu nzima. Fundi aliziweka mbili dirishani mwa duka lake, na watu wa Kanyenye wakawa wanauliza bustani ile ni ya nani.

Mwaka wa pili shemeji aliteremsha ng'ombe wake. Walikuwa wachache lakini wamenenepa, ngozi inang'aa. Watoto wake walikuwa wanene pia, na hakuna aliyelala mchana. Yote aliyoahidi yule bwana aliyechora inzi yalikuwa kweli. Alijenga kibanda karibu na kivuko, na mwanzo wa masika akatuma watu waniite, nije na kamera.

Nyasi zilifika kiunoni. Nilitembea nyuma yake kwenye njia ya ng'ombe, nikitazama kila upande, nisione kitu. Lile la majani manne nililitafuta pale pale lilipokuwa. Palikuwa na tope lililokanyagwa. Nimerudi miaka mingine sita baada ya hapo na sijaliona, wala mahali pengine sijaliona.

“Huku, shemeji,” aliniita. “Nimekuwekea.”

Alikuwa amejenga boma dogo la miiba, imara, kama la ndama, kiasi cha kitanda kimoja. Ndani yake kulikuwa na ndulele, ile miche yenye miiba na maua ya zambarau inayoota popote ng'ombe walipolala, ambayo kila mtu huing'oa. Ilikuwa imetoa maua matano au sita.

Nilisimama nikiyatazama. Nadhani alidhani sijaitambua.

“Najua ni ndulele,” alisema. “Usinicheke. Nimezunguka bonde lote, mpaka mlimani, siku mbili. Hakuna jingine lililotoka. Nikaona nisiache na hili likakanyagwa, nawe uko mbali.”

“Asante sana, shemeji.”

“Linafaa?”

“Linafaa.”

“Basi lala chini upige, kama unavyolala. Mimi nitashika kitambaa.”

Hatukuwa na kitambaa. Akavua koti lake la jeshi, akapiga magoti nyuma ya miiba, akalishika kwa mikono miwili huku akiuma meno kwa sababu ya lile bega. Nikatoa kijiti, nikapima kutoka kioo mpaka ua. Hapakuwa na upepo hata kidogo, wala hapakuwa na inzi.